Kurefusha mandhari ya picha kwa kujaza kiotomatiki: uzoefu wangu

Picha imepigwa wima, mteja anataka bango la mlalo. Yeyote anayehariri picha ili apate riziki anaijua kero hii. Ukiikata picha ijae nafasi, unapoteza kichwa au miguu. Ukiivuta kwa nguvu, mtu ananenepa ghafla. Inabaki kuongeza mandhari pembeni, na kazi hiyo siku hizi tunaiachia zana ya kujaza kiotomatiki. Nimeitumia kwenye programu zaidi ya moja, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanahusu mbinu yenyewe kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu, inafaa kujua inafanya nini, maana wengi hudhani inaiona picha kama tunavyoiona sisi. Aina ya zamani, ile iliyoingia kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, katika toleo la CS5 mwaka 2010, haibuni chochote. Inachukua vipande vidogo vya picha yako mwenyewe na kuvipanga kwenye sehemu tupu mpaka vishikane. Mbinu iliyoiwezesha kufanya hivyo haraka inaitwa PatchMatch, na ilichapishwa mwaka 2009 na Connelly Barnes na wenzake. Ujanja wake unachekesha kidogo: inaanza kwa kubahatisha. Kila kipande kinatafutiwa mwenzake ovyoovyo, lakini kimoja kikipata kinachofanana nacho, majirani zake nao hutafuta papo hapo kando. Bahati chache zikipatikana, picha nzima inafuata. Wanaotumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, wana kiongezi kiitwacho Resynthesizer cha Paul Harrison, ambacho nacho hukopa kutoka kwenye picha yenyewe na ni cha zamani zaidi.

Ukishalielewa hilo, hutashangaa inapofaulu wala inapoboronga. Anga, nyasi, mchanga, maji yaliyotulia, ukuta usio na mapambo, mandhari yaliyofifishwa na lenzi: hapo niko radhi kuiamini. Tofali ni mtihani, na sakafu ya vigae ni mtihani zaidi, kwa sababu mistari yake inakaribiana kadiri inavyokwenda mbali, na kipande kilichokopwa karibu hakiwezi kukaa mbali bila kuumbua kazi.

Chukua picha moja ya ufukweni niliyoletewa. Mtu amesimama kulia kwa shati jekundu, bahari nyuma yake, na kushoto kunatakiwa nafasi pana ya maandishi. Nikaongeza kanvasi, yaani nafasi tupu kando ya picha, nikachagua sehemu tupu, nikabonyeza. Anga likatoka safi kabisa, hata mawingu yalikuwa na adabu. Mchangani, kijiti cheusi kilichokuwa karibu na miguu yake kikajitokeza mara tatu, vyote vimelalia upande uleule. Na pale maji yanapokutana na mchanga kukaota bega. Bega jekundu, lisilo na mwenyewe.

Zana haikuwa na namna ya kujua kwamba yule mtu si sehemu ya mandhari. Kwake, rangi nyekundu ni malighafi kama mchanga ulivyo malighafi. Dawa yake ni kuiambia ikope wapi, na kwangu hiki ndicho kipengele chenye thamani kuliko vyote. Tangu mwishoni mwa 2018 Photoshop ina dirisha maalumu la kazi hii: eneo linaloruhusiwa kukopwa linapakwa kijani, na wewe unapita na brashi kufuta usichokitaka. Nilipomfuta mtu, kivuli chake na kile kijiti, matokeo yaliyofuata yalihitaji marekebisho madogo tu kwenye ukingo wa maji. Programu isiyokupa uwezo huo bado utaihadaa: mfiche mtu kwenye leya (tabaka) yake, jaza, kisha mrudishe.

Kuna jambo jingine ambalo maelekezo mengi hayaligusi, nalo ni pembe za picha kuwa na giza. Lenzi nyingi hupunguza mwanga kidogo pembeni, na wapiga picha wengine huongeza giza hilo makusudi kwa ajili ya urembo. Ukirefusha picha ya namna hiyo, ukingo wa zamani unabaki kama mkanda wa kiza katikati ya anga, na hata mtu asiyejua uhariri atahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Ondoa giza kwanza, refusha, kisha ukilitaka lirudishe kwenye pembe mpya. Vilevile, unapochagua sehemu ya kujaza, ingia pikseli kadhaa ndani ya picha ya asili. Ukiishia mpakani hasa, mshono utaonekana.

Wengi hushauri kujaza kidogokidogo badala ya kwa mkupuo. Nakubaliana nao nusu. Mstari wa upeo wa bahari kweli hunyooka zaidi ukienda kwa hatua, lakini kila hatua inakopa kutoka kwenye hatua iliyotangulia, kasoro zake zikiwemo, na ukifika mbali unakuwa unanakili nakala ya nakala. Kwenye mchanga au majani mimi huenda kwa mkupuo mmoja, halafu narekebisha kwa mkono.

Sasa kuna hii aina mpya ya akili mnemba, ambayo Photoshop iliitoa kwa majaribio Mei 2023, na miezi michache baadaye ikaongezewa uwezo wa kurefusha picha moja kwa moja wakati wa kukata. Hii haikopi, inachora. Kwa mistari ni bora mara nyingi zaidi: ukuta unaendelea, barabara inapinda inavyopaswa, kiwiko kilichokatwa kinamaliziwa. Nani asingefurahi? Mimi nimeifurahia kwenye matangazo na mabango.

Lakini inataka intaneti, na inapenda kuongeza vitu. Unaomba anga, unaletewa na mti. Maandishi kwenye kibao cha nyuma yanatoka kama herufi zilizoandikwa na mlevi. Chenga za picha ya asili, yaani vile vitone vidogo vinavyoonekana ukiikuza, nazo hazifanani na ulaini wa sehemu mpya. Kwenye simu huoni, ila ukikuza kwa ajili ya kuchapisha, mpaka unajitokeza. Huwa naongeza chenga kwenye leya mpya mpaka pande zote mbili zilingane, na hiyo ni kazi ya dakika chache.

Picha za habari, za ushahidi au za kumbukumbu ya tukio sizirefushi kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, hata mteja akibembeleza. Hizo ninaziacha na ukubwa wake na kuziwekea rangi tupu pembeni. Kwa zilizobaki, kama nyuma ni anga au mchanga naanza na ile ya zamani, kwa sababu ni ya haraka na haiongezi kitu ambacho hakikuwepo. Kukiwa na majengo naenda kwenye akili mnemba. Na kabla ya kumtumia mteja, naigeuza picha kushoto kulia na kuiangalia ikiwa ndogo. Vijiti pacha huonekana papo hapo.