Uzoefu wangu: bei za viambato vya uchawi katika kanuni za bure za Dungeons & Dragons

Kanuni ninazozizungumzia ni zile za toleo la tano la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, uitwao Dungeons & Dragons, zinazojulikana kama SRD 5.1, ambazo tangu Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast imeruhusu zitumike bure kwa leseni ya Creative Commons. Kikundi chetu, kinachokutana Nyakato jijini Mwanza, kilipakua faili hilo, kikachapisha steshenari kurasa za vifaa na za uchawi peke yake, na tunacheza kwa Kiswahili ingawa kanuni zenyewe ni za Kiingereza. Sitaeleza mchezo mzima. Nitasema juu ya jambo lililotuletea mabishano kuliko majoka yote tuliyopigana nayo, yaani bei ya viambato, ndivyo vitu ambavyo mhusika lazima awe navyo ili afanye uchawi, na thamani ya vitu.

Msingi wa mfumo huu ni mzuri, na kwa upande huo naupa nyota nne kati ya tano. Viambato vingi havikutajiwa bei, na mchezaji mwenye mkoba wa viambato wa sarafu 25 za dhahabu, au fimbo ya kichawi ya sarafu 5, huhesabiwa kuwa anavyo vyote, hivyo hakuna anayepoteza jioni akihesabu mavi ya popo na salfa vya kurushia mpira wa moto. Palipotajwa bei ndipo mkoba unapofika kikomo: ni lazima ukipate kitu chenyewe, na maelezo yakisema kwamba uchawi unakiteketeza, utafute kingine kila unapoufanya. Lulu ya sarafu 100 ya kutambulia kitu cha kichawi haiteketei, kwa hiyo hununuliwa mara moja. Lakini makaa, ubani na mitishamba ya sarafu 10, vinavyochomwa katika chetezo cha shaba ili kumwita mnyama msaidizi, huisha kila vinapotumika. Tofauti hiyo imefichwa ndani ya maelezo ya kila uchawi, na hakuna jedwali moja linalokusanya bei zote, jambo linalochosha sana. Ilibidi tutengeneze jedwali letu wenyewe.

Bei hizo zilianza kueleweka tulipozilinganisha na orodha ya bidhaa iliyomo katika kanuni hizo hizo, ambamo mbuzi ni sarafu 1 ya dhahabu na ng'ombe ni 10. Kumrudisha aliyekufa dakika hiyo hiyo kunahitaji almasi za sarafu 300, yaani ng'ombe 30. Kumfufua aliyekufa ndani ya siku 10 ni ng'ombe 50. Na aliyekufa ndani ya miaka 100 ni ng'ombe 100. Usukumani hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Kibarua asiye na ujuzi, anayelipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, angefanya kazi siku 1,500 bila kula ndipo apate hizo 300 za dhahabu, na tangu tulipopiga hesabu hiyo wachezaji wetu wameacha kuingia pangoni kwa mbio.

Mabishano makubwa yalizuka kuhani wetu alipoanguka vitani, nasi tukiwa na almasi mbili, moja ya 200 na nyingine ya 100, huku dakika moja, ambayo ni mizunguko 10 ya mapigano, ikiyoyoma. Tuliposoma upya tuligundua kwamba uchawi wa kurudisha uhai papo hapo unataja almasi kwa wingi, hivyo mawe mawili yanajumlishwa. Ule wa siku 10 unataka jiwe moja lisilopungua 500. Kuhani alipona kwa sababu ya herufi moja ya Kiingereza, na kwa maoni yangu jambo zito kama hilo lilistahili sentensi yake yenyewe.

Kisha likaja swali ambalo kanuni hazilijibu kabisa. Mwenzetu mmoja ni sonara, na mhusika wake alipatana na mfanyabiashara mpaka jiwe la 500 likashuka hadi 400. Mwongoza mchezo, yaani anayesimulia na kuamua kanuni zinavyotumika, aliposita, sonara alimwambia, "Kaka, nimepunguziwa bei, sijapunguziwa jiwe." Alikuwa na haki. Kwa watu wanaoishi kati ya dhahabu ya Geita na almasi za Mwadui, bei ya machimboni na bei ya mjini si kitu kimoja, na jiwe ghafi hupanda thamani likishakatwa. Tukaamua kwamba kila mji una mthamini, na kwamba uchawi hufuata hati yake, si maneno ya muuzaji. Kwa hiyo jiwe la 300 linalouzwa 600 wakati wa vita halifufui mtu aliyekufa siku tisa zilizopita. Vumbi la almasi la sarafu 100, la kuifanya ngozi iwe ngumu kama jiwe, bado linatutatiza, kwa maana sonara wetu hakubali kwamba almasi iliyosagwa inaweza kubaki na thamani yake ya awali.

Katika kuuza, silaha na vifaa vya kawaida hupata nusu ya bei, lakini vito hubaki na thamani yake yote, na kwa kuwa sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kila mmoja wetu sasa hubeba akiba yake kwa mawe. Udhaifu mkubwa uko kwenye vitu vya kichawi. Kitabu cha mwongoza mchezo cha mwaka 2014, ambacho si cha bure, kinavipa vile vya daraja la nadra bei ya kuanzia 501 hadi 5,000, na pengo hilo ni pana mno kumsaidia mtu aliyesimama mbele ya duka. Kwetu anayetaka kuuza upanga wa namna hiyo hutakiwa kwanza amtafute mnunuzi mwenye jina na sababu ya kuutaka, ndipo bei izungumzwe.