Upasuaji wa kichwa Dar: bili ya mwanzo siyo bili yote

Mdogo wangu alikuwa abiria wa bodaboda Barabara ya Kilwa, bila helmeti. Alipofikishwa hospitali walimpima kwa alama za Glasgow, kipimo cha fahamu kinachoanzia 3 mpaka 15. Yeye alipata 7, na kuanzia 8 kushuka ni jeraha kali. CT scan ikaonyesha damu imeganda ndani ya fuvu na inabana ubongo. Dokta hakuzunguka: afunguliwe usiku huohuo.

Ilikuwa hospitali binafsi, jina naliacha. Kwa upasuaji wenyewe nawapa maksi zote, na yule sista wa zamu ya usiku Mungu amlipe. Kilichotuumiza ni hesabu. Tuliambiwa tutangulize milioni nne, ukoo ukachangishana, tukadhani tumemaliza. Kumbe hizo ni za chumba cha upasuaji na madaktari tu. ICU, yaani wodi ya mahututi, inahesabiwa kwa siku, mashine ya kupumulia ina mstari wake kwenye bili, na CT ya kurudia, dawa za kuzuia degedege, mpira wa kulishia, vyote mbali. Mwisho wa yote, ICU ilikula hela kuliko upasuaji. Halafu kuna mfupa. Ubongo ulikuwa umevimba, kwa hiyo kipande cha fuvu hakikurudishwa. Kuziba pengo hilo ni upasuaji mwingine, na hela nyingine. Hilo tulilisikia siku ya kuruhusiwa! Familia ingeambiwa mapema ingejipanga.

Hali yake sasa? Anatembea, ingawa mkono wa kushoto bado mzito, na mazoezi ya viungo ndiyo yaliyomwinua kitandani. Kichwa ndicho kinachochelewa. Anamuuliza mama kama yeye mwenyewe ameshakula na sahani bado ziko mkekani. Hasira zinampanda kwa jambo dogo, mpaka majirani wakaanza kusema karogwa. Hajarogwa jamani, ni ubongo ulioumia, na mkewe anahitaji kuelezwa hivyo na daktari, siyo na shangazi.

Ukifikwa na haya, omba makadirio ya maandishi yenye ICU na upasuaji wa pili ndani yake. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ichukueni mapema, maana madai ya bima ya pikipiki yanaihitaji. Mkizidiwa, ulizeni rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, na mkishafika muoneni afisa ustawi wa jamii kabla bili haijapanda.