Mgonjwa wa moyo katoka hospitali, hela ya mazoezi iende wapi kwanza?

Ndugu zangu, naandika kwa wenye mgonjwa wa moyo nyumbani, awe kawekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuacha wazi mshipa wa moyo), kapasuliwa au kaambiwa moyo umetanuka. Mzee wetu alipotoka wodini hapa Dar tulipewa mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki basi, mazoezi hakuna aliyeyagusia, afu wiki ya pili tukachangishana kwenye grupu la familia tukanunua tredmili, ile mashine ya kutembelea ndani. Mzee kaipanda mara mbili. Mara ya pili kashika vishikio mikono inatetemeka, akasema nishusheni.

Ile hela iliniuma sana ndo maana nikaanza kuulizia kwa wataalamu na kusoma. Mazoezi kwa mgonjwa wa moyo ni tiba kabisa, yanapunguza kulazwa tena, na watafiti walipolinganisha wanaofanyia hospitali na wanaofanyia nyumbani kwa mpango maalum, matokeo yalikua karibu sawa. Hapo ndo penye unafuu wetu.

Kwangu mimi namba moja ni mpango wa nyumbani ulioandikwa na mtaalamu. Lipia siku moja ya fiziotherapia kwa mtu anaejua wagonjwa wa moyo, muombe kipimo cha kutembea dakika 6, mgonjwa anaenda na kurudi kwenye korido ya mita 30 wanaangalia kafika umbali gani na pumzi ikoje, afu utoke na karatasi inayosema dakika ngapi na siku ngapi. Mzee alianza na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, getini mpaka duka la Mangi na kurudi, akawa anaongeza kidogokidogo. Kipimo cha njiani ni bure, atembee huku anaongea. Mzee wetu mtaa mzima unamuamkia, sasa dada akisikia ile "marahaba" inakatika katikati kwa pumzi anajua mwendo umezidi, wanapunguza. Na asisimame ghafla, amalizie na dakika 5 hadi 10 za polepole maana presha inaweza kushuka akaona kizunguzungu.

Kwenye mpango huohuo weka mtu wa kumfuatilia kwa simu. Sydney kule Australia walifanya utafiti uliotoka 2015, wagonjwa 710, nusu wakatumiwa meseji 4 kwa wiki miezi 6, na hao presha na lehemu (mafuta kwenye damu) vilikua chini kuliko wenzao na mazoezi walifanya zaidi. Meseji tu jamani! Sisi tuligawana siku, kila mtoto na yake.

Namba mbili, mashine ya presha na mzani. Nunua ile ya kufunga juu ya kiwiko, ya kifundo cha mkono achana nayo inadanganya kirahisi, na pima mzunguko wa mkono wake kwanza maana mkanda ukiwa mdogo presha inasoma juu. Mzani ni kwa wenye moyo uliotanuka hasa, apimwe kila asubuhi akishatoka chooni kabla hajala, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 2 au 3 hayo mara nyingi ni maji, mpigie daktari siku hiyohiyo usisubiri kliniki.

Namba tatu ni mazoezi ya hospitali. Sio kwamba mabaya, tatizo ni gharama za pembeni. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 ni safari 24, yaani nauli 48, na mgonjwa haendi peke yake so ni nauli 96, bado siku za kazi za anaemsindikiza. LAKINI kama moyo wake una nguvu ndogo sana, au mapigo yanaruka, au ameshawahi kuzimia, basi kwake hii ndo namba moja, aanzie chini ya macho ya wataalamu hata mkope. Na ulizia bima yako inalipa mara ngapi kabla hamjaanza.

Jimu ya mtaani ngojeni mpaka daktari aruhusu, na aliyepasuliwa kifua asinyanyue vitu vizito wiki kama 12 za mwanzo, hata ndoo ya maji. Saa ya kuhesabu mapigo sio ya haraka, kwa sababu wengi wanatumia atenolol, bisoprolol au carvedilol ambazo zinashusha mapigo, sa ile saa inamwambia hajafika kiwango aongeze kumbe mwili umeshachoka.

Tredmili naiweka mwisho kabisa. Barabara ipo, na kama jua kali atoke saa 12 asubuhi. Kifua kikibana akiwa anatembea akae chini hapohapo, na kisipoachia dakika chache usimpe maji ukangoja, itafutwe gari, hospitali.