Mwenzako wa nyumba halipi: umbane au uhame?

Kule Roysambu, Nairobi, nilikaa na jamaa ambaye tokeni za stima zikiisha, alichaji simu kazini na kulala gizani akingoja ninunue mimi. Na majina yetu yote mawili yalikuwa kwenye mkataba.

Kubaki na kumbana kuna faida moja kubwa: hupotezi dipoziti kwa kuvunja mkataba mapema. Ila huwezi kubadilisha kufuli. Naye ni mpangaji kama wewe. Kodi ikichelewa na mkataba unawabana kwa pamoja, mwenye nyumba anaweza kukudai wewe peke yako kiasi chote. Hifadhi jumbe za M-Pesa, ziwe ushahidi ukimdai mwenzako. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Kuhama kunapumzisha roho, si mfuko. Kubeba godoro hakufuti sahihi yako. Toa notisi ya maandishi, mwombe mwenye nyumba akutoe kwenye mkataba, tena akupe karatasi. (Neno la keateka, yule msimamizi wa jengo, halitoshi, nililopewa mimi liliyeyuka mwezi uliofuata.)

Mimi ningehama, mradi nimepata mtu wa kuchukua chumba changu. Nikimkosa, ningebaki nimbane hadi mkataba uishe.