Kasha la kufungia hei kwenye mteremko wa Soni: uzoefu wangu wa misimu miwili

Kasha hili nililinunua kwa hasira. Juni mwaka jana majani yangu ya malisho, aina ya Rhodes, yalikuwa yanaanza kuchanua, na nilishapatana kwa simu na mtu wa bondeni mwenye trekta la kufungia hei, yaani majani makavu ya mifugo, kuwa marobota. Nikamtumia hela ya mafuta. Akaja kwanza na pikipiki kuangalia njia, akasimama darajani, akatazama juu kwetu muda mrefu, kisha akasema, "Mama, huku hata mbuzi anashuka kwa breki." Akageuza. Hela ya mafuta haikurudi mpaka leo. Kugeuza simlaumu, maana trekta lingeishia kwenye kabichi za watu. Lakini nilimwambia tangu mwanzo kwamba ni Soni, milimani Lushoto.

Ndipo nikaenda kwa fundi seremala na mchoro wa kasha ambalo bwana mifugo alishatuonyesha siku za nyuma: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, wazi juu, wazi chini. Akalitengeneza kwa mbao za paini, mishikio minne, shilingi 80,000. Lilipopanda kwa bodaboda, mzee jirani yangu alilizunguka mara mbili. "Mwanangu, wamekuuzia kihori kisicho na kitako."

Kazi yake ni rahisi. Unaliweka chini, unatandaza kamba mbili kukatiza upana, ncha zikiwa zimening'inia nje, halafu unajaza majani na mtu anaingia ndani kukanyaga. Kwangu mkanyagaji ni kijana wangu wa darasa la sita, na hiyo ndiyo kazi pekee ya shamba ambayo sijawahi kumwita mara mbili. Likijaa, unapiga goti juu, unavuta kamba, unafunga, unanyanyua kasha, robota linabaki limekaa. Likishindiliwa sawasawa linakuwa na kilo 20 hivi. Yangu ya mwanzo yalikuwa na kilo 12 mpaka 14, kwa sababu tulikuwa tunajaza mpaka ukingoni ndipo kijana anaingia. Sasa anakanyaga kila baada ya kumbatio mbili za majani, na tunapata 17, mara mojamoja 19.

Kasoro za kasha lenyewe ni mbili, na zote ni za fundi. Kwanza alilinyoosha wima kabisa, juu na chini sawa, kwa hiyo robota lililobanwa lilikuwa linang'ang'ania mbao. Tulikuwa tunalivua watu watatu, mmoja amelikandamiza robota kwa miguu, wawili wanavuta. Nilimrudishia akalitanua kidogo upande wa chini, kama upana wa kidole, akapiga randa ndani. Tangu hapo nalinyanyua na kijana tu. Pili alitumia misumari, na kwa kukanyagwa ikaanza kuchungulia. Mmoja ulipita kwenye ndala ya mtoto, bahati haukufika mbali. Dai bolti na nati tangu mwanzo, hata akikuongezea bei.

Kamba nayo ni habari nyingine. Huu ni mkoa wa Tanga, mkonge uliingia kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa kule Kikogwe karibu na Pangani, lakini nenda dukani ukaulize kamba ya kufungia utapewa nailoni. Nilikataa. Kipande cha nailoni kikisahaulika kwenye kihori ng'ombe anakimeza, na tumboni hakiozi. Kamba ya katani nilikuja kuipata Korogwe. Ubaya wake ni kwamba robota likikaa kwenye udongo wenye unyevu, kamba inaoza kabla ya majani.

Mteremko una adabu zake. Huwezi kufungia popote: ukikanyaga, kasha linateleza kwenda chini na wewe ndani. Nilichimba kijukwaa kidogo kwenye kingo ya tuta, nikapigilia vigingi viwili upande wa chini kulizuia. Na robota lililofungwa usiliache limesimama. La kwanza kabisa tuliloshangilia lilibiringika tuta baada ya tuta likatua kwenye kabichi za yule yule mzee wa kihori. Nililipa kabichi sita.

Sasa nije kwenye hasara halisi, ambayo kasha halina kosa ila lilinionyesha uzembe wangu. Juni huku ni ukungu na baridi, jua linatoka saa tano na saa tisa limeshaondoka. Nilikata, nikageuza siku tatu, majani yakawa makavu mkononi, nikafunga 28. Wiki ya pili nikatia mkono katikati ya robota nikautoa haraka, palikuwa na joto kama unga wa chachu. Nilipolifungua likatoa mvuke na harufu ya tumbaku, na ndani vumbi jeupe. Majani yaliyolegezwa ghalani yangepumua yakajikausha. Ukiyabana, unyevu uliobaki kwenye vifundo vya shina hauna pa kutokea. Hei mbichi iliyobanwa inaweza hata kujiwasha moto yenyewe. Marobota 11 nikayamwaga migombani yakawa matandazo, maana ukungu ule kwa ng'ombe mwenye mimba unaweza kuharibu mimba.

Februari mwaka huu nikafanya tofauti. Nilikata asubuhi umande ukishakauka, nikayaanika juu ya miti mitatu iliyofungwa kama mafiga, si chini, maana udongo wa mteremko una maji hata wakati wa jua. Kila jioni tunayakusanya kuyakinga na umande. Kabla ya kufunga napima kwa chumvi: unakatakata majani kwenye chupa kavu, unatia vijiko viwili vya chumvi kavu, unatikisa dakika mbili. Chumvi ikishikana mabonge, anika tena. Na mabingobingo (majani ya tembo) sifungi kabisa, shina nene halikauki mpaka jani limegeuka majivu. Hayo wape mabichi. Nyasi za Gwatemala za kwenye kingo za matuta vivyo hivyo.

Ghala ni chumba cha mbao chenye bati nyuma ya banda. Marobota yanakaa juu ya magogo, shubiri moja kutoka sakafuni, na hayagusi ukuta wa upande wa juu. Huo ndio ukuta unaolowa, maji ya mlima yanakuja kwa chini hata kama bati halivuji. Nikachimba na mfereji nyuma yake. Wiki nne za mwanzo nachomeka nondo katikati ya rundo, naiacha kidogo, naichomoa na kuigusa. Mwaka huu haikuwahi kuwa ya moto. Panya ndio wamenishinda, nimeazima paka.

Kilichonifanya nilipende kasha hili sikukitarajia wakati nalinunua: robota linahesabika. Zamani nilikuwa na lundo la majani, naliangalia na kusema "yatatosha," na Septemba nakimbizana na mabua ya mahindi kwa bei ya kuruka. Safari hii nilikuwa na marobota 62 ya kilo 17. Ng'ombe wawili na mtamba mmoja nawapa kilo tano tano kwa siku, kilo 15, juu ya mabingobingo na vigogo vya migomba. Hiyo ni siku 70. Nikaanza kutoa tarehe 1 Agosti. Maziwa yamepungua, lakini si kama mwaka jana.

Ukiwa tambarare, kodi trekta, usijisumbue: sisi watatu kwa siku nzima tunatoa marobota 15 au 16 na mgongo unauma. Ukiwa na mteremko na ng'ombe chini ya watano, chukua kasha, lililotanuka chini, lenye bolti.

Leo asubuhi nimehesabu, yamebaki 19. Ni siku 21.