Mbwa analamba sakafu usiku kucha: kliniki niliyompeleka na pesa ilivyoenda

Jina la kliniki siliweki hapa, nina malalamiko yangu mawili matatu na sitaki maneno na mtu. Ila huduma yenyewe nataka niieleze vizuri maana najua kuna wengi wana mbwa anayelambalamba ovyo na wanaambiwa ni tabia tu.

Mbwa wangu anaitwa Kamanda, nusu German Shepherd nusu wa hapa hapa kwetu, miaka 5, kilo 28. Jina lisiwashangaze, mi nimekulia kambi ya jeshi ya Mbuya hapa Kampala, mzee alikuwa mwanajeshi. Wa kwanza kugundua kuna shida wala si mimi, ni jirani yangu Hajji, tunashea ukuta. Akaniita asubuhi moja getini, akasema Baba Patricia, huyo mbwa wako nikiamka kwa tahajudi namsikia, chwa chwa chwa, analamba simenti saa 9 usiku mpaka karibu na adhana, kwani hamumlishi? Hajji kwa mbwa mnajua tena, mate ya mbwa kwake ni kuosha mara saba na moja iwe kwa udongo, hata kanzu anaikusanya akipita, sa kama yeye ndo ameona mbwa wangu ana shida basi kweli mi nilikuwa nimelala.

Usiku huo nikakaa macho. Kweli bwana. Analamba sakafu ya varanda, anasimama, ananyoosha shingo juu kama anayeangalia ndege, anameza mate mara nne tano hivi kwa nguvu, alafu anarudi kulamba. Kukicha anakimbilia nyasi, anazila kama mbuzi. Na kuna kitu kingine nilikiweka kwenye kapu hilo hilo, akinusa pale jike la jirani lilipokojoa anaganda, meno ya mbele yanagongana tatata na povu kidogo mdomoni, nikasema huyu sasa amepata kifafa.

Nikaanzia duka la dawa za mifugo pale sentani. Kijana hakuuliza kitu, akanipa dawa ya minyoo 10,000 (bei zote hapa ni shilingi za Uganda) na chupa ya kupuliza yenye uchungu 35,000, eti pulizia pale anapolamba. Jamani, analamba sakafu! Nipulizie varanda nzima? Nikapulizia hivo hivo kama mjinga, Kamanda akahamia ukutani, mi ndo nikabaki na uchungu kwenye vidole siku mbili nikila chapati inakuwa kama mwarobaini. Hiyo 45,000 ihesabuni imekufa.

Ndo mtu akanielekeza kliniki. Boda hawezi, takisi hawataki hata kusikia habari ya mbwa, nikachukua special hire, gari la kukodi peke yako, 40,000 kwenda na kurudi. Miadi ilikuwa saa 4 asubuhi, tukaingia kwa daktari saa 6 na dakika kumi. Masaa mawili kwenye benchi, mbwa na paka chumba kimoja, wanakoromeana, na dada wa mapokezi kila akipita ananionyesha gunia la chakula kikavu la 165,000. Hilo ni lalamiko la kwanza.

Lakini humo kwenye kungoja nikaona kitu. Mama mmoja alikuja na kale kambwa kadogo keupe, kanatoa udenda, kanajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, kanalamba hewa, mdomo unanuka toka mbali. Kakadungwa sindano ya usingizi kidogo, dakika chache daktari akatoka na kipande cha mfupa kwenye kitambaa. Kilikuwa kimekwama kwenye kaakaa, kimelala kama boriti kutoka magego ya huku mpaka ya huku. Mama anasema wiki nzima alidhani mbwa ana wazimu. Mifupa ya pork joint hiyo, zile baa za nguruwe, wote tunabeba kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) tukirudi jioni, hata mimi.

Zamu yetu ikafika. Musawo, yaani daktari, ni binti mdogo, nikasema moyoni huyu atanisaidia nini, tusameheane. Kitu cha kwanza hakumgusa Kamanda, akasema, "Ssebo, naomba kadi ya chanjo." Nimeiacha nyumbani. Akakataa kabisa kumfungua mbwa mdomo mpaka mama Patricia akaitafuta na kuituma kwa WhatsApp, na hata hapo bado akavaa glavu. Mi nikaona ni maringo, akanieleza taratibu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuja na sura ile ile ya mbwa aliyekwamwa na mfupa, koo linapooza, hawezi kumeza, mate yanamwagika, taya linalegea, sauti inabadilika, na mwenye mbwa kwa huruma anaingiza mkono kutafuta mfupa ambao haupo. Virusi viko kwenye mate, na vinaweza kuwepo siku kadhaa kabla hata mbwa hajaonyesha dalili. Akasema ukiumwa au mate yakaingia kwenye kidonda, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu hospitali siku hiyo hiyo uanze sindano, usingoje uone mbwa atakuwaje, maana kwa mtu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Nikakumbuka mara ngapi nimeingiza mkono kwenye midomo ya mbwa za watu huko kambini tukiwa watoto, nikanyamaza.

Sasa hapa ndo pesa yangu ilipofanya kazi. Alinihoji karibu nusu saa. Analamba nini, yeye mwenyewe au vitu? Akilamba mguu mmoja mahali pale pale mpaka manyoya yanatoka, hiyo ni hadithi nyingine, ngozi au maungo yanauma. Analamba kabla ya kula au baada? Ukimwita jina akiwa katikati, anaacha akuangalie? Nikasema anaacha, anakuja, alafu anarudi. Akasema vizuri, degedege za mdomo mara nyingi mbwa hakusikii, unamuona anatafuna hewa kama bazoka na macho hayapo hapo, na kwa asiyechanjwa wanafikiria distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, haraka. Ameokota chura? Mvua hizi vyura wamejaa, mbwa akimuuma udenda unatoka hapo hapo kama povu la sabuni, lakini si wiki mbili mfululizo.

Ile ya meno kugongana alicheka. Kumbe ni dume tu linasoma barua. Juu ya kaakaa nyuma ya meno ya mbele kuna kiungo cha kunusa harufu za mwili, mbwa anaisukuma ile harufu ya mkojo kwa ulimi iingie huko, ndo taya linatetemeka. Si ugonjwa. Na akaniambia kingine, wakati namwinamia Kamanda kumshika kola alilamba pua haraka na kugeuza uso, akasema umeona hiyo, hapo hana njaa, ana wasiwasi, anakuomba mpunguze presha. Miaka 5 mi nilikuwa najua ananitamania mkate.

Nikamuonyesha video ya usiku. Aliitazama mara tatu. Akasema shingo hiyo na kumeza huko ni kichefuchefu, mbwa ana kiungulia. Akanitajia utafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal kule Kanada, wa 2012, walichukua mbwa 19 wanaolamba sakafu na kuta na mazulia kupita kiasi, watu wote walikuwa wanaita tabia, walipopimwa 14 kati yao wakakutwa na shida za tumbo. Sakafu haikuwa na utamu wowote, tumbo ndo lilikuwa linaungua.

Alafu likaja swali, "Mwezi huu umempa dawa yoyote?" Nikasema hapana. Akauliza tena kwa njia nyingine, "Aliumia hivi karibuni?" Ah. Kamanda alichechemea, aliruka ukuta akimfuata huyo huyo jike, na mimi mtoto wa kambini nikampa diklo (diklofenaki), zile zile ninazokunywa mimi mgongo ukiuma, siku 6, ndani ya kipande cha maini. Nilimwambia kwa sauti ndogo. Musawo hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alivaa glavu nyingine akampima kwa nyuma, ikatoka nyeusi kama lami. Choo cheusi vile ni damu iliyopita tumboni ikasagwa. Mi sikuwa nimeona kwa sababu anajisaidia kule kwenye matooke nyuma ya nyumba. Diklo, ibuprofeni, hizo zinaondoa ile kinga inayofunika ukuta wa tumbo, mbwa anapata alsa, vidonda vya tumbo, upesi sana, wengine tumbo linatoboka kabisa. Kwa kifupi alsa nimempa mimi.

Bili ilikuwa hivi: kumuona daktari 50,000, damu 60,000, choo 20,000, dawa 70,000. Laki mbili, mobile money. Damu ilikuwa imepungua kidogo si ya kutisha, minyoo hakuna (bila shaka, nilishalipia ile 10,000). Akapewa omeprazoli ya kupunguza asidi kabla ya chakula na sukralfeti ya kufunika vidonda, ya kukorogwa na maji, peke yake, tumbo tupu, na hiyo ya pili ndo kasheshe maana anaitema ukutani. Mifupa marufuku. Posho (ugali) na mukene (dagaa) aendelee lakini mukene ioshwe mchanga utoke, na badala ya sinia moja la jioni agawiwe mara tatu, la mwisho kabla sijalala ili tumbo lisikae tupu mpaka asubuhi. Lile gunia la 165,000 nilimuuliza, akasema si lazima. Mapokezi hawakufurahi.

Siku ya 5 alipiga simu mwenyewe kuuliza choo kina rangi gani, niko ofisini mbele ya bosi naeleza rangi ya choo. Wiki ya pili kulamba kukaisha, akilamba ni bakuli. Hajji akaniuliza kwa upole kama yule mbwa amekufa.

Malalamiko yaliyobaki: risiti imeandikwa "treatment" tu na jumla, ile hesabu niliyowapa hapo juu ilibidi niiombe kwa mdomo, na umeme ulipokatika jenereta ilichukua dakika ishirini na sisi gizani na paka analia. Kwa daktari nyota tano, kwa mapokezi mbili, mkijumlisha wenyewe sawa. Ukienda beba kadi, beba video ya usiku, na choo kwenye kikopo usione aibu.

Daktari alipomfungua Kamanda mdomo aliona ugaga kwenye magego ya juu, fizi zimeanza kuwa nyekundu, anasema kati ya meno 42 mawili huenda yakatoka tusiposafisha mwaka huu. Kusafisha ni kwa usingizi kamili, bei amenitajia na mama Patricia bado sijamwambia.