Uzoefu wangu: wiki sita za kujitolea nje ya nchi kwenye kituo cha yatima

Habari zenu. Naandika hii kwa sababu wakati natafuta shirika la kwenda nalo nilisoma rivyu kama arobaini hivi, zote nyota tano, zote "watoto wazuri jamani, nililia siku ya kuondoka", hakuna hata mmoja aliyeniambia nitakutana na nini. Mi nimewapa nyota mbili, na hizo mbili si za ofisi yao, nitasema ni za nani.

Kuomba nafasi ni rahisi mno na hapo ndo nilitakiwa nishtuke. Fomu ya ukurasa mmoja, picha, kopi ya pasipoti, lipa ada, kwisha. Hakuna aliyetaka cheti cha polisi, hakuna mdhamini aliyepigiwa simu, na mi sijasomea malezi wala ualimu, kazi yangu ni mahesabu. Hebu fikiria chekechea anayosoma mwanao impokee mgeni asiyejulikana, hata lugha ya watoto haongei, halafu wamkabidhi darasa siku hiyohiyo, si utavunja geti? Ila kwa vile hawa wanaitwa yatima ikaonekana poa tu. Wakaniambia pia nikifika uhamiaji niseme nimekuja kutembea, nikajua ndo utaratibu, kumbe nchi nyingi hata kazi ya bure inataka kibali chake, na ukidakwa unahangaika mwenyewe, shirika halimo.

Malazi na usafiri safi, sina neno.

Sasa watoto. Naingia getini tu wakanirukia kama ndugu yao aliyepotea mwaka mzima, mmoja juu ya mgongo, mwingine kashika kidole changu cha shahada hakukiachia mpaka muda wa kulala. Nilijisikia raha sana, nisidanganye. Jioni dogo mmoja wa kama miaka sita akaniuliza kwa Kiingereza cha kuombea maji, "wewe wa wiki mbili au wa mwezi?" Nikamwambia wiki sita. Akasema haya, akaenda zake kucheza mpira. Nilikaa pale kwenye ngazi nikarudia lile swali kichwani. Baadaye ndo nikaona wana mahesabu yao kabisa, mgeni wa wiki mbili anaombwa simu ya kuchezea gemu fastafasta kabla hajaondoka, wala hawajisumbui kushika jina lake, wa mwezi ndo angalau anaonyeshwa kitanda cha nani ni kipi.

Mama mlezi mmoja (walikuwa watatu kwa watoto thelathini na kitu, mchana na usiku) aliniambia kitu sijakisahau, mtoto aliyelelewa na watu wake akiona mgeni anajificha kwanza nyuma ya nguo ya mama, ukiona anamrukia yeyote ujue kuna kitu kimekosekana. Niliporudi nikasoma nikakuta na watafiti wanasema hivyohivyo. Kuna utafiti ulianza mwaka 2000 Bucharest, Romania, walichukua watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, wakapiga kama kura, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye malezi yaleyale, wakawa wanawafuatilia. Waliopata familia walikwenda vizuri zaidi, hasa waliotoka kabla ya kufika kama miaka miwili. Na mi nilikuwa nimelipa ili niwe mtu mwingine wa kumzoea na kumpoteza.

Wiki ya tatu tukapewa kazi ya kupaka rangi ukuta wa bweni. Nikawa napiga msasa, chini ya njano ikatoka bluu, chini ya bluu kijani, chini ya kijani vikatokea viganja vilivyochapwa kwa rangi nyekundu na majina ya watu kama sisi. Nikamwita mlinzi aje aone, akacheka, akasema huo ukuta unapakwa kila likizo zenu. Bomba la choo cha wavulana lilikuwa linavuja tangu nafika mpaka naondoka, lakini nani analipa ada na tiketi aje apige picha anaziba bomba.

Wiki ya nne wakajua mi ni mtu wa mahesabu wakaniomba nipange mafaili ofisini. Hapo ndo nilipoishiwa nguvu. Zaidi ya nusu ya faili kulikuwa na dole gumba la mama au sahihi ya baba, wazima kabisa, wameleta mtoto kwa sababu kituo kina shule na chakula. Tena si kituo kile tu, UNICEF wenyewe wakihesabu yatima wanamhesabu hata aliyefiwa na mzazi mmoja, kwa hiyo wengi kwenye hizo hesabu wana mzazi hai. Yule dogo wa wiki mbili au mwezi naye, Jumapili moja mama yake alikuja na viatu kwenye mfuko wa rambo, akakaa naye chini ya mti kama saa moja, akaondoka. Dogo hakulia. Alivaa viatu akaja kunionyesha.

Si vituo vyote viko hivyo, na wale mama walezi nyota zangu mbili ni zao. Ila vipo vinavyotafuta watoto ili wageni wenye hela waje, mpaka Australia ilipopitisha sheria yake ya utumwa mamboleo mwaka 2018 jambo hili likatambuliwa kuwa aina ya usafirishaji wa watoto. Niliona daftari la mishahara pale, ada yangu ingemlipa mlezi mmoja miezi mingi tu.

Kilichobaki cha maana kutoka kwangu ni zile siku nilizokaa na mhasibu wao nikimfundisha kuhamishia madaftari kwenye kompyuta, mpaka leo akikwama kwenye fomula ananitumia meseji. Mtu akiniuliza namwambia tafuta kazi ya hivyo, umfundishe mfanyakazi anayebaki, usipewe mtoto wa kulea, na kabla hujalipa uliza mwaka jana watoto wangapi wamerudishwa kwao.

Mi hilo swali niliwatumia kwa imeili niliporudi. Walijibu siku ileile, wakanishukuru kwa moyo wangu, wakaniwekea punguzo la safari ijayo.